Masikio Yasiyotaka

Tarehe 12 Aprili 1954 Bill Haley na wenzake wa bendi ya Comets walifika wamechelewa katika jumba la Pythian Temple, mjini New York, kwa sababu feri waliyoipanda ilikuwa imekwama juu ya fungu la mchanga. Na sehemu kubwa ya muda uliobaki wakaitumia kurekodi wimbo mwingine kabisa, "Thirteen Women", ambao kampuni ya Decca iliuona ndio wenye kuuzika. "Rock Around the Clock" ulipigwa mwishomwisho, harakaharaka, ukatiwa upande wa pili wa sahani ya santuri, yaani ule upande ambao mnunuzi huugeuza akipenda, na asipopenda hauchezi daima. Danny Cedrone, mpiga gitaa aliyekodiwa kwa kazi ile, alilipwa dola 21, na kwa kuwa wakati ulikuwa mfinyu alikirudia kipande alichokuwa amekwisha kukipiga mwaka 1952 katika wimbo mwingine wa Haley, "Rock the Joint". Sahani ikatoka, ikanunuliwa kwa kiasi tu, ikasahauliwa. Naye Cedrone akaanguka ngazini mwezi Juni mwaka ule ule, akafariki pasi na kujua kwamba kipande kile cha haraka kingekuja kukaririwa na vijana wa mabara yote.

Mwezi Machi 1955 ikaja filamu ya Blackboard Jungle, kisa cha mwalimu mgeni na wanafunzi wakorofi wa shule moja ya mjini, na walioitengeneza wakauweka wimbo ule mwanzoni kabisa, majina yanapopita kwenye kitambaa. Vijana waliozoea kuusikiliza muziki katika redio ya sebuleni, ambayo kipimo cha sauti yake kimo mkononi mwa baba, sasa waliusikia ukitoka katika vipaza sauti vya jumba la sinema, gizani, nao wakiwa mamia. Tarehe 9 Julai ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya Marekani na kukaa hapo majuma manane. Haukuongezwa noti wala haukupunguzwa ubeti. Ulikuwa ndio ule ule uliolala kwenye rafu za maduka mwaka uliotangulia.

Naanzia mbali hivi kwa makusudi, maana wapenzi wa roki wana suala lao lisilokwisha: je, yamkini leo kutokea tena wimbo mmoja, wa dakika nne au tano, ukaupindua muziki wa dunia kama ilivyokuwa katika zama za wazee wao? Aghalabu wanaojibu hulitazama suala hili kwa upande wa wimbo. Wako wasemao kuwa vipaji vimekwisha, wako wasemao kuwa gitaa limechakaa, na wako wasemao kuwa vijana wa sasa hawana subira; na kila jibu katika hayo lina kiasi chake cha ukweli, na kiasi kikubwa zaidi cha uzee wa msemaji. Mimi naona la kutazamwa ni masikio. Wala sisemi masikio ya waliompenda Haley, ambao wangemfuata popote alipo, bali ya wale waliomchukia na bado wakalazimika kumsikia.

Mwaka 1956, filamu nyingine iliyobeba jina la wimbo wenyewe ilipooneshwa Uingereza, vijana walisimama wakacheza dansi katika njia zilizo baina ya viti, na mahali pengine viti vikachanwa na polisi wakaitwa, hata mabaraza ya miji kadha yakaipiga marufuku filamu hiyo. Diwani aliyeinua mkono kuunga mkono marufuku, padri aliyeitaja mimbarini, mpiga jazi aliyekunja uso kwa kuona miaka yake ya kujifunza ala inapitwa na watu wa makodi matatu: hao wote hawakuuchagua wimbo ule, lakini walikuwa nao usiku na mchana, wakaupinga, wakaujadili, na baadhi yao, wakiwa hawana budi, wakaanza kuuiga. Pasipo watu hao Haley angebaki kuwa mwimbaji mwenye wapenzi wengi, naye hangeitwa mwanzo wa jambo lolote.

Mfano ulio karibu zaidi na zama zetu ni "Smells Like Teen Spirit" wa Nirvana, kundi lililoanzia Aberdeen, mji wa wakata magogo katika jimbo la Washington. Ulirekodiwa Mei 1991 katika studio ya Sound City, Van Nuys, California, chini ya mtayarishaji Butch Vig, na ukiufungua kipande kwa kipande huoni ndani yake kitu ambacho hakikuwapo kabla yake. Kuna makodi manne ya gitaa yanayorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna ubeti unaoimbwa kwa upole, besi na ngoma zikitembea mbele na gitaa likidondosha sauti mbili tu. Kisha kuna kiitikio kinachoingia kwa kelele zote pamoja. Kurt Cobain mwenyewe alikiri kuwa alikuwa akijaribu kuwaiga Pixies, bendi ya Boston iliyokwisha kuuzoesha mtindo huo wa kunong'ona kisha kupiga ukelele. Hata jina la wimbo lilitoka mahali pasipo na heshima kubwa: rafiki yake, Kathleen Hanna, alikuwa ameandika ukutani kwa rangi ya kupuliza kwamba Kurt ananukia Teen Spirit, nayo ni dawa ya kwapa iliyotengenezwa kwa ajili ya wasichana, ilhali Cobain, asiyeijua dawa hiyo, alidhani anaitwa kwenye uasi.

Kampuni yao, DGC, haikuutegemea sana wimbo huu. Ilitarajia kwamba "Come as You Are", uliopangwa kutoka baadaye, ndio utakaowafikia watu wengi, na albamu ya Nevermind ilipotoka tarehe 24 Septemba 1991 nakala zilizopelekwa katika maduka ya Marekani hazikuzidi 46,000 na ushei. Kufika Januari 1992 albamu hiyo ilikuwa imemwondoa Michael Jackson na Dangerous yake katika nafasi ya kwanza. Wimbo wenyewe, na hili wanaousimulia hulisahau, haukuvuka nafasi ya 6 katika chati ya nyimbo za Marekani.

Mambo mawili yaliubeba. La kwanza lajulikana, nalo ni MTV. Stesheni moja ya televisheni, ikitazamwa na vijana wa nchi nzima, iliionesha mara kwa mara video ya Samuel Bayer, yenye ukumbi wa mazoezi wa shule uliojaa moshi, wasichana wa kushangilia waliovaa mavazi meusi, na msafishaji mzee akitikisika na fimbo ya ufagio wake. Na aliyeketi kuzingojea bendi za Los Angeles, zile za nywele zilizotunishwa kwa dawa na suruali za kubana, hakuwa na njia ila kumvumilia Cobain kwanza. La pili halina uzuri wa kusimuliwa, ila mimi ndilo linalonivutia zaidi, nalo ni hesabu. Hadi mwaka ule jarida la Billboard lilikuwa likiitunga chati ya albamu kwa kuwauliza wenye maduka ni kipi kinachouzika, na karani wa duka akajibu kwa kumbukumbu, au kwa mapenzi yake, au kwa hisani aliyofanyiwa na wakala wa kampuni. Kuanzia chati ya tarehe 25 Mei 1991 kazi hiyo ilipewa SoundScan, iliyohesabu kila nakala kwa ile mistari myeusi inayosomwa na mashine wakati wa kulipa. Hapo ikabainika kwamba muziki wa kantri, na rapu, na roki ya kelele, ulikuwa ukinunuliwa kupita walivyodhani wakubwa wa biashara. Nirvana walitokea miezi minne baadaye, wakakuta mizani imekwisha kunyooshwa.

Tangu hapo makampuni yakatuma watu Seattle, katika jimbo lile lile la Washington, kutafuta kila kijana mwenye shati la mirabaraba na gitaa lisilopatana sauti. Yule mpiga gitaa wa Los Angeles, ambaye juzi tu alikuwa akijaza viwanja, alikuwa miongoni mwa masikio yasiyotaka. Na kwa kuwa aliusikia, alijua kuwa siku zake zimehesabiwa.

Hata hivyo liko jambo ambalo wapenzi wa roki hawapendi kulisikia, nalo ni kwamba kilicholipuka katika nyakati hizo mbili kililipuka kwa kuwa kilikuwa kimezuiliwa mlangoni. Haley hakuuvumbua muziki ule: mwaka 1951 aliurekodi upya "Rocket 88" wa Jackie Brenston, na mwaka 1954 akaurekodi upya "Shake, Rattle and Roll" wa Big Joe Turner, nao wote wawili ni Wamarekani weusi waliowekwa katika chati yao ya peke yao, wakipigwa katika stesheni zao. Hadhira ya weupe iliyoshtuka mwaka 1955 ilishtushwa na kitu kilichokuwa kikipigwa mtaa wa pili kwa miaka. Vivyo hivyo roki ya chinichini ya Marekani ilikuwa imeishi muda wote wa miaka ya 1980 katika makampuni madogo na redio za vyuo vikuu. Nayo MTV hiyo hiyo iliyomtukuza Cobain ilikuwa, katika miaka yake ya mwanzo, ikiwaonesha wanamuziki weusi kwa nadra sana, hata mwaka 1983 "Billie Jean" wa Michael Jackson ulipoingia. Basi anayezililia zama za mapinduzi ajue kwamba anamlilia pia bawabu, na bawabu yule hakuwa mwadilifu.

Leo bawabu hayupo, au tuseme kila mtu amepewa wake. Mwaka 2022 wakuu wa makampuni makubwa ya muziki walitaja kwamba nyimbo zinazopandishwa mtandaoni kila siku zimefika 100,000. Spotify, iliyofungua milango yake mwaka 2008, huuhesabu wimbo kuwa umesikilizwa pindi utimizapo sekunde 30, na mashine yake humletea msikilizaji kinachoshabihiana na alichokipenda jana. Aliye na roki hupewa roki, aliye na taarabu hupewa taarabu, na kila mmoja huenda zake salama. Baba wa sasa hana haja ya kupiga marufuku, maana muziki wa mwanawe umo masikioni mwa mwanawe, wala sebuleni hausikiki.

Sisi wa mwambao tuliyajua hayo kwa njia yetu, ingawa roki yenyewe haikupata kututawala kama rumba na taarabu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, sahani zake zilirudi kupigwa mikahawani, na mpita njia asiye na haja ya kuimba wala kuimbiwa alikuwa hana pa kuyaficha masikio. Hadi redio za watu binafsi zilipoanza Tanzania katika miaka ya 1990, Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ndiyo sauti ya nchi, na dansi iliyopigwa humo ilipigwa kwa wote. Tazama sasa amapiano ya Afrika Kusini ilivyoingia katika Bongo Fleva: midundo imebadilika, besi imebadilika, hata uchezaji umebadilika, lakini ukiwauliza vijana kumi wa Kariakoo ni wimbo gani ulioileta, sidhani watakupa jibu moja. Muziki bado hupinduka, basi. Wimbo mmoja ndio usiopewa tena sifa hiyo.

Wako watakaonipinga kwa ushahidi, nao si mdogo. Mwaka 2022 "Running Up That Hill" wa Kate Bush, uliotoka mwaka 1985, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa sababu ya tamthilia ya Stranger Things, mambo yakawa kama ya Haley na filamu yake. Lakini walioupenda waliupenda, kisha wakarudi kwenye orodha zao, na hakuna bendi iliyobadili mwendo kwa ajili yake. Mwaka 2021 "good 4 u" wa Olivia Rodrigo, roki ya magitaa bila ya shaka, uliongoza chati ya Marekani, nayo pop ikaendelea ilivyokuwa. "Old Town Road" wa Lil Nas X ndio unaonitia shaka kidogo: mwaka 2019 ulikaa majuma 19 katika nafasi ya kwanza Marekani, umejengwa juu ya biti iliyonunuliwa kwa dola 30 kutoka kwa kijana wa Uholanzi, ambaye naye alikuwa amekichota kinanda chake cha nyuzi katika rekodi ya mwaka 2008 ya Nine Inch Nails, watu wa roki. Zaidi ya hayo, Billboard iliuondoa katika chati ya kantri, na ubishi uliotokea hapo ulikuwa ni ule ubishi wa kale, wa watu wasioutaka wimbo na wasioweza kuukwepa. Roki ilikuwamo, ila kama chumvi.

Mahali pamoja ningependa patazamwe zaidi kuliko studio, napo ni uwanja wa mpira. Jack White wa The White Stripes aliuzua mlio wa "Seven Nation Army" akijaribu vyombo kabla ya onyesho mjini Melbourne. Ukatoka mwaka 2003, noti saba za gitaa lililoshushwa sauti kwa pedali hata ukadhani ni besi. Oktoba mwaka ule mashabiki wa Club Brugge, waliokwenda Milan kuitazama timu yao, waliusikia baa, wakaenda nao San Siro, timu yao ikaifunga AC Milan bao moja kwa bila, wakarudi nao Ubelgiji. Roma walipokwenda kucheza Brugge mwaka 2006 mashabiki wao wakauchukua, na kiangazi kile Italia nzima ikauimba ikilitwaa Kombe la Dunia. Mshabiki wa timu iliyofungwa, aliyeketi kimya akiusikia ukiimbwa na elfu nyingi upande wa pili, hakuwa ameuchagua, wala hakuwa na kitufe cha kuuruka. Pop ya mwaka 2006 haikutikisika kwa ajili yake hata kidogo. Na bendi ilipovunjika mwaka 2011, wengi wa waliouimba hawakujua kwamba ulikuwa na maneno.