MAJI YA BOMBA YAKIWA HAFIFU



Je, bomba la nyumbani kwako hapa Same hutoa maji kidogo kidogo? Usifunge pampu kwenye bomba hilo. Pampu huvuta maji ya jirani yako. Bomba likiwa na ufa, huvuta pia uchafu wa ardhini. Uchafu huo huleta kuhara na homa ya matumbo.

Tujifunze kwa wazee wa Upare. Walichimba ndiva milimani. Usiku ndiva ilikusanya maji ya kijito. Asubuhi waliifungua, maji yakashuka kwa nguvu mashambani.

Nawe fanya hivi:

1. Usiku, kinga maji katika pipa la chini. Lisiwe pipa lililotiwa dawa ya shamba.

2. Weka pipa la pili juu ya jukwaa, kupita kimo chako. Lita 200 zina uzito wa kilo 200. Jukwaa liwe imara.

3. Pampu ipandishe maji kutoka pipa la chini.

4. Shusha mpira bafuni. Funga koki na bomba la mvua.

5. Funika mapipa, mbu wasizaliane.

Oga kila siku. Nawisha watoto uso. Upele na vikope vitapungua, na jirani yako atapata maji.