Mswaki: Tunda Tusilolijua

Sisi watu wa pwani mswaki twaujua kwa kijiti chake. Chanunuliwa mlangoni mwa msikiti, chatafunwa ncha, chapitishwa menoni kabla ya sala, basi. Kwamba mti huo huzaa, na kwamba tunda lake huliwa, wengi wetu hatukufunzwa chuoni.

Nilipofika Isiolo niliukuta mti wenyewe umestawi kando ya mto Ewaso Ng'iro. Wasomali huuita aday, Wasamburu sokotei, Waturkana esekon. Tunda lake ni dogo kuliko kunazi. Huwa jekundu, kisha likiiva sana huwa jeusi la zambarau. Nimelila: lina utamu, na nyuma ya utamu mna ukali wa haradali upandao puani.

Ukali huo una maana. Mswaki una kemikali za jamaa ya zile za haradali, ambazo ni silaha ya mti dhidi ya wadudu. Mwaka 2011 wataalamu wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walitangaza kuwa kemikali hiyo, waliyoipata katika mizizi ya mswaki, huua vijidudu viletavyo maradhi ya fizi. Ama ule weusi wa tunda hutokana na rangi iitwayo anthosayanini, iliyomo pia katika zambarau zetu, nayo husifiwa kwa kukinga chembe za mwili zisiharibike. Lakini hii ni lishe, wala si badala ya daktari.

Nasi twapaswa kulijua zaidi. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Jabir bin Abdillah kwamba masahaba walikuwa wakichuma tunda hili pamoja na Mtume (S.A.W.), naye akawaelekeza wachume yaliyo meusi, kwani ndiyo mazuri. Wakamuuliza kama aliwahi kuchunga. Akawajulisha kuwa hakuna Nabii asiyechunga.

Kwa hiyo tunda la wachungaji lisidharauliwe kwa kuitwa chakula cha njaa. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosa kaskazini mwa Kenya, na mswaki ni katika miti michache istahimiliyo ukame ikabaki kijani.

Basi, ndugu msomaji, tukumbuke kuwa achimbaye mizizi bila kiasi huua mti, na tunda hufa nao. Tupige mswaki, lakini mti tuuache uzae. Kuna mtoto aungojeaye.