Bodi ya Gari la Kale: Kagua Namba Kabla ya Kuita Lori

Uani kwa dereva mmoja mstaafu wa wilaya yetu ipo bodi ya Land Rover 109, imekaa juu ya matofali kwa mwaka wa pili sasa. Mzee huyo aliendesha gari la aina hiyo kwa miaka mingi akipeleka chanjo na wauguzi vijijini, na alipostaafu alitamani kulifufua moja kwa mikono yake. Aliipata bodi katika shamba moja la wilaya jirani, akailipia, akakodi lori. Siku ya kupakia ilibainika kuwa lori ni fupi. Vijana wa kupakia wakashauri ncha ya mbele ya chasisi ikatwe ili mzigo uenee, naye akakubali. Katika kipande kile kilichoachwa shambani ndimo namba ya chasisi ilimochapwa. Aliporudi kukifuata, kilikuwa kimekwishauzwa pamoja na vyuma chakavu. Hadi leo hajafanikiwa kuhamisha umiliki.

Kwa ridhaa yake tunakieleza kisa hiki, kwa kuwa wananchi wanaofika ofisini kuulizia magari ya kale wameongezeka, hasa baada ya minada ya magari chakavu. Makala haya yanaeleza mambo ya kuzingatia kabla bodi haijaondoka mahali ilipo.

Jambo la kwanza ni namba. Land Rover za zamani, yaani zile za Series II, IIA na III zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1958 hadi 1985, zina namba iliyochapwa kwenye chuma cha chasisi, mbele upande wa kulia, karibu na mahali springi inaposhikiliwa. Zina pia kibao kidogo ndani ya gari. Kibao hung'olewa na kuhamishwa kwa urahisi, hivyo kisichukuliwe kuwa ushahidi pekee. Safisha chuma kwa brashi ya waya taratibu, soma namba, kisha ilinganishe tarakimu kwa tarakimu na kadi ya usajili. Msomaji asishtuke akikuta namba fupi: namba zenye herufi na tarakimu 17 zilianza kuenea miaka ya 1980, na magari yaliyotangulia yana namba fupi kuliko hizo. Ufupi peke yake si dalili ya udanganyifu. Dalili za kutia shaka ni chuma kilichosagwa, alama za kuchomelea kuzunguka namba, au kadi isiyolingana na chasisi. Ukiona hayo, usilipe kabla ya kupata ushauri wa mkaguzi wa magari wa Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani.

Jambo la pili ni nyaraka. Muuzaji akupe kadi halisi ya usajili na mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya mashahidi, ukiwa na namba ya chasisi ndani yake. Uhamishaji wa umiliki hufanyika Mamlaka ya Mapato Tanzania, na pande zote mbili huhitaji namba ya mlipakodi. Iwapo mwenye gari amefariki, hakikisha anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mtoto mmoja wa marehemu hawezi kuuza mali ya warithi wote. Kwa gari lililonunuliwa katika mnada wa halmashauri, tunza stakabadhi ya serikali na barua ya mauzo. Namba za SM ni za Serikali za Mitaa na haziendi na mnunuzi. Gari husajiliwa upya kwa jina lake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na bodi isiyo na karatasi ni mali ya namna hiyo.

Jambo la tatu ni upakiaji. Land Rover 109 ina urefu wa takriban mita 4.4 na upana wa takriban mita 1.7. Pima kitanda cha lori kwanza. Gari hili liliundwa kwa vipande vilivyofungwa kwa bolti: milango, boneti, paa na mabawa hufunguliwa kwa spana. Hakuna sababu ya kulikata. Bolti zilizoshikwa na kutu zimwagiwe mafuta ya kulainisha siku moja au mbili kabla. Kila kipande kiandikwe mahali kilipotoka, na bolti zake ziwekwe kwenye mfuko wake. Chasisi ifungwe kwa minyororo au mikanda imara pande zote nne, na safari ifanyike mchana.

Jambo la nne ni utunzaji baada ya kufika. Sehemu kubwa ya bodi ya Land Rover ni alumini, kwa sababu gari hilo lilipozinduliwa mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu nchini Uingereza baada ya vita. Wengi hudhani kwa hiyo haliozi. Chasisi na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni vya chuma, na chasisi huoza kuanzia ndani, mahali ambapo tope na maji hutuama. Igonge kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Alumini nayo huliwa na kutoa unga mweupe pale inapogusana na chuma penye unyevu. Iweke bodi juu ya matofali, chini ya paa, hewa ipite. Kuifunga gubigubi kwa nailoni hufungia unyevu ndani. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo zisuguliwe kwa msasa wa maji, na watoto wakae mbali.

Mstaafu wetu anaendelea kuonana na mkaguzi na muuzaji kutafuta njia ya kuthibitisha asili ya chasisi yake. Anasema angejua, angelipia lori refu zaidi.

Mwananchi anayekusudia kununua bodi ya gari anashauriwa kufika ofisi ya Mtendaji wa Kata akiwa na nakala ya kadi na picha ya namba ya chasisi, kabla ya kulipa, ili aelekezwe ofisi zinazohusika. Ofisi hufunguliwa siku za kazi kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Ushauri hautozwi ada.