Jaribio Lililouliza Kabla ya Jibu Kufika

Mwenye duka anapomtumia mteja ombi la kulipa kwa M-Pesa, mfumo wake hupata majibu mawili. La kwanza hurudi papo hapo: ombi limepokelewa. Hilo halisemi kwamba fedha zimelipwa. Mteja bado anatafuta miwani, bado anakumbuka namba yake ya siri. Jibu la pili, lenye habari za fedha zenyewe, huja baadaye kama ujumbe unaojitegemea. Huenda baada ya sekunde tatu, huenda baada ya thelathini. Mtumaji hakai akimsubiri mpokeaji. Ujumbe huwekwa kwenye foleni, kila upande ukaendelea na shughuli zake.

Utaratibu huu ni mzuri kwa biashara, lakini humsumbua anayeandika majaribio ya kiotomatiki, yaani programu ndogo za kukagua programu kubwa. Wengi huanza hivi: tuma ujumbe, lala sekunde mbili, kisha angalia salio. Kwenye kompyuta ya mwandishi jaribio linapita. Likipelekwa kwenye seva inayoendesha mamia ya majaribio kwa pamoja, leo linapita, kesho linaanguka, na hakuna aliyegusa msimbo.

Jaribio la namna hiyo ni kigeugeu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichunguza masahihisho 201 ya majaribio vigeugeu katika miradi ya Apache. Kati ya yale waliyoweza kuyaainisha, asilimia 45 yalitokana na kosa hilihili: kutosubiri ipasavyo jambo linalotendeka pembeni. Google nayo ilieleza mwaka 2016 kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na ugeugeu wa kiasi fulani. Watu wakizoea, huona nyekundu ya kushindwa, wakabonyeza tena mpaka ije kijani ya kupita. Siku hitilafu ya kweli ikija, nayo itabonyezewa vivyo hivyo.

Dawa yake inajulikana. Usilale muda maalumu. Uliza mara kwa mara, kila baada ya milisekunde hamsini kwa mfano, na uweke ukomo mrefu wa sekunde kumi au ishirini. Jibu likifika mapema, jaribio linamalizika mapema. Ukomo mrefu unalipiwa siku ya kushindwa tu.

Lakini kigeugeu angalau hupiga kelele. Ninaloliogopa zaidi ni jaribio la kijani lisilokagua kitu, na dawa hiyo ya kuuliza mara kwa mara inaweza kulizaa.

Chukua jaribio la kurejesha malipo. Akaunti ina shilingi 5,000. Unatuma ujumbe wa kulipa 1,000, unatuma ujumbe wa kurejesha 1,000, halafu unasubiri salio liwe 5,000. Swali la kwanza tu linajibiwa ndiyo, kwa sababu salio lilikuwa 5,000 tangu mwanzo! Jumbe zote mbili bado ziko kwenye foleni. Ukisema usubiri kwanza lishuke hadi 4,000, huenda likashuka na kupanda kati ya maswali yako mawili, usilione kamwe. Afadhali usubiri daftari la miamala lionyeshe maingizo yote mawili, ndipo usome salio. Ingizo likishaandikwa halifutiki.

Kuthibitisha kwamba jambo halikutokea, kwa mfano kwamba malipo hayakuhesabiwa mara mbili, ni kugumu zaidi. Mtumaji asipopata uthibitisho hawezi kujua kama ujumbe ulipotea njiani au ni uthibitisho uliopotea, kwa hiyo hutuma tena. Ndiyo maana mifumo mingi ya ujumbe huahidi kuufikisha mara moja au zaidi, na mpokeaji ndiye anayepaswa kuutambua ujumbe aliokwisha kuushughulikia. Basi unatuma taarifa moja ya malipo mara mbili, unaona salio limeongezeka mara moja, unafurahi. Nakala ya pili haijasomwa bado! Mfumo unaohesabu malipo mara mbili ungepita jaribio hilo bila shida.

Njia ya kutoka ni kutuma ujumbe wa tatu, wa kiasi kingine, kwenye foleni ileile, na kusubiri huo uonekane daftarini. Ikiwa foleni inahifadhi mpangilio na msomaji wake ni mmoja, kuonekana kwake ni ushahidi kwamba nakala ya pili imeshapitiwa. Hapo ndipo uhesabu. Wasomaji wakiwa wengi, ushahidi huo hausimami, na itabidi mfumo wenyewe uandike kila ujumbe ulioukataa.

Kuna pia makosa yanayofia kusikosikika. Ukaguzi ukianguka katika uzi mwingine wa programu, ule unaopokea ujumbe, uzi wa jaribio huenda usipate habari; unafika mwisho na kutangaza ushindi. Katika JavaScript, kusahau neno moja, await, kunatosha kulifanya jaribio limalizike kabla ukaguzi haujafanyika.

Ndiyo sababu naliamini jaribio la ujumbe baada tu ya kuliona likianguka. Kabla ya kulihifadhi lako, ondoa kwa makusudi mstari unaozuia malipo kuhesabiwa mara mbili, kisha liendeshe. Likibaki kijani, lifute uliandike upya.