KUCHAGUA MATAIRI YA GARI KUUKUU KWA BEI TUNAYOIMUDU



Huku Kabuta, kando ya Ziwa Mweru, magari mengi tunayopanda yamekwisha tumikia watu wengine kabla ya kutufikia. Magari hayo ndiyo yanayobeba samaki hadi Kashikishi, yanayopeleka wagonjwa Nchelenge, na yanayowarudisha wenzetu kutoka mashamba ya chai ya Kawambwa. Injini kuukuu ikizima, gari husimama. Lakini tairi la mbele likipasuka gari likiwa katika mwendo, watu hupoteza maisha. Kwa hiyo ni lazima tujue namna ya kununua matairi yanayofaa bila kumaliza mshahara wote.

Kwanza, tusome maandishi ubavuni mwa tairi. Tuchukue mfano wa 195/70R15C 104/102R. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. R ya kwanza huonyesha aina ya ufumaji wa nyuzi, yaani radiali. 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. C ni alama ya tairi la gari la mizigo midogo. Namba 104 maana yake tairi moja huchukua kilo 900. 102 maana yake likifungwa mawili mawili, kila moja huchukua kilo 850. R ya mwisho ni mwendo usiozidi kilomita 170 kwa saa. Tairi la gari dogo la abiria laweza kuingia katika ringi hiyo hiyo na likauzwa rahisi, lakini likibebeshwa magunia na watu litapata moto na kupasuka. Tulinganishe namba hizo na zile zilizoandikwa katika kibao cha gari, mara nyingi kwenye mlango wa dereva.

Pili, tutazame umri. Karibu na herufi DOT kuna tarakimu nne. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani. Tairi lililopita miaka sita lichunguzwe kila mwaka, na lililofikia miaka kumi liachwe, hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Tatu, matairi ya mtumba. Tusinunue lililokwisha fungwa kwenye ringi. Tulione ndani na nje. Tulikatae likiwa na uvimbe ubavuni, nyufa, waya uliojitokeza, au kiraka cha ubavuni. Ndani ya mifereji ya kashata kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6. Kashata zikilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Msimu wa mvua tairi kipara haliwezi kusukuma maji pembeni, na gari huteleza juu ya lami kama mtumbwi.

Tusidanganywe na bei ya siku moja. Tuseme tairi la mtumba ni kwacha 600 nalo litakwenda kilomita 10,000, na jipya ni kwacha 1,500 nalo litakwenda kilomita 50,000. La kwanza linatugharimu ngwee 6 kwa kila kilomita; la pili ngwee 3. Basi lililoonekana rahisi ni ghali mara mbili. Asiyeweza kununua manne mapya anunue mawili yaliyo sawa, ayafunge katika ekseli moja. Kwa gari dogo, yaliyo mazuri zaidi yakae nyuma, ili mkia wa gari usiteleze. Lakini ya mbele nayo yawe salama. Matairi yaliyovikwa mpira mpya na kiwanda kinachoaminika yanafaa ekseli ya nyuma ya lori, si ya mbele.

Nne, tuulize tairi la zamani lilikufa kwa nini. Likiisha kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiisha katikati, upepo ulizidi. Likiisha upande mmoja, magurudumu hayakunyooka au bushi zimelegea. Usipoziba ufa utajenga ukuta: tairi jipya katika gari lisilonyooshwa litaliwa upesi vile vile. Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa ya baridi.

Mwisho, neno kwa wale wanaobebwa na gari la mwajiri. Kununua matairi ya gari hilo si mzigo wa dereva. Nchini Zambia, Sheria Na. 36 ya mwaka 2010 kuhusu Afya na Usalama Kazini inampa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi. Nao Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejitoa katika kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kuwa maisha yake yamo katika hatari kubwa ya papo hapo asiadhibiwe isivyo haki. Kwa hiyo dereva akiona waya umejitokeza, aandike katika daftari la gari, amwarifu msimamizi na mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo. Nasi abiria tusimwache peke yake. Tushuke tulitazame tairi pamoja, na tuseme kwa sauti moja kwamba gari hilo haliondoki mpaka libadilishwe.