Samaki wa Mto Nzoia: Wa Juu Si Wale wa Chini

Mkulima, ikiwa shamba lako la skimu lapakana na kijito kule Trans Nzoia au Lugari, huenda umewahi kusema, "Kijito hiki hakina samaki wa maana." Umeona visamaki vidogo tu, vikijificha chini ya mawe. Lakini mwenzako aliye Budalangi, mahali maji hayo hayo yanapoingia Ziwa Victoria, hupata samaki wakubwa wa namna nyingi. Kwa nini iwe hivyo? Yafaa kila mwenye shamba kando ya mto ajue sababu, maana samaki wa mwenzako wa chini hutegemea pia jembe lako wewe.

Juu milimani

Mto Nzoia hukusanya maji ya milima ya Cherangani na ya Mlima Elgon. Huko maji ni baridi, huenda mbio, na yana hewa tele kwa sababu hupigwapigwa juu ya mawe. Chakula ni kidogo: wadudu wa chini ya mawe, na majani yaangukayo kutoka miti ya kando. Samaki asiye na nguvu huchukuliwa na maji. Basi wakaao huko ni wa namna chache, na wengi ni wadogo. Yuko mmoja wa jamii ya kambare, mdogo kama kidole, mwenye mapezi mapana. Hulala juu ya jiwe akijishikiza kwa mapezi hayo, na maji humpita juu. Trauti, anayevuliwa katika mito mingi ya baridi ya Kenya, si mwenyeji. Mayai yake yalianza kuletwa kutoka ng'ambo mwaka 1905.

Katikati ya mto

Kadiri mto unavyoshuka, vijito huungana, na maji huwa mengi na yenye joto zaidi. Hapa pana vilindi, pana mawe, pana mchanga, na kila mahali pana wenyewe. Fwani, mwenye magamba makubwa, hupenda maji yaendayo kwa nguvu. Ningu ana mdomo uliokaa upande wa chini, na kwa mdomo huo hukwangua utelezi wa kijani ulio juu ya mawe na tope.

Chini, karibu na ziwa

Budalangi ni nchi tambarare. Maji huenda polepole, yana tope, na hutapakaa katika nyasi na mafunjo. Chakula ni kingi, lakini maji ya joto yaliyotulia yana hewa chache. Hapo ndipo nyumbani kwa mumi na kamongo, kwa sababu wao huja juu wakavuta hewa kama sisi. Tena samaki wa ziwani huingia mtoni. Kwa hiyo namna za samaki ni nyingi zaidi huku chini kuliko juu.

Safari ya ningu

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila samaki hukaa mahali pamoja. Ningu wakubwa huishi ziwani. Mvua zikinyesha na mto ukafurika, hupanda mtoni makundi kwa makundi na kutaga mayai katika nyasi zilizofunikwa na maji. Watoto wao hukua kwanza huko, kisha hushuka ziwani. Zamani watu wa kando ya mto waliyangoja majira hayo kama wewe unavyongoja mavuno ya mahindi.

Mwaka 1965 mtaalamu D. A. Cadwalladr aliandika kwamba ningu wa Nzoia walikuwa wamepungua. Nyavu zilitegwa karibu na mlango wa mto, nao samaki wenye mayai wakakamatwa kabla ya kutaga. Ni sawa na mkulima alaye mbegu yake mwezi wa Machi. Ningu hawajarudia wingi wao wa zamani.

Jambo linalokuhusu wewe

Utasema, "Nyavu hizo si zangu." Ni kweli. Lakini udongo uliolimwa mpaka ukingoni huchukuliwa na mvua ukaingia mtoni. Tope hilo hufunika mawe, na wadudu ambao ni chakula cha samaki hukosa makao. Mayai yakifunikwa na tope hukosa hewa, yakafa. Nawe pia umepata hasara, kwa kuwa udongo uliokwenda ulikuwa ndio mbolea yako.

Basi fanya haya:

1. Usilime mpaka ukingoni. Acha nyasi na miti ya asili. Sheria inataka ukingo uachwe. Mwulize afisa wa maji au wa kilimo kipimo cha mahali pako.

2. Lima kwa kukingama mteremko, wala si kwa kuufuata.

3. Usioshe bomba la dawa mtoni, wala usimwage humo maji ya josho. Dawa iuayo wadudu na kupe huua samaki pia.

4. Usikaushe kila bonde lenye maji. Nyasi zinazofurika ndizo kitalu cha samaki.

5. Usivue kwa sumu wala kwa chandarua. Vifaranga wakiisha, mwakani hakuna samaki.

Kijito chako ni kidogo, lakini ndicho mwanzo wa mto. Ukikitunza, udongo wako utabaki shambani, na mwenzako wa Budalangi atapata kitoweo.