Msichana Anaposafiri Peke Yake
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wazazi wetu wa Kibondo na Kasulu wakitaja hatari za safari, aghalabu husimulia habari za wanyang'anyi. Mambo hayo yalikuwa ya kweli. Vita vya Burundi vilipoanza mwaka 1993, na vya Kongo mwaka 1996, silaha zilivuka mpaka, na magari yakawa yakitekwa katika mapori yetu, hata mabasi yakasindikizwa na askari wenye bunduki. Msafiri wa siku zile aliogopa pori. Lakini mimi nataka kueleza ya kuwa kwa msichana wa leo, arudiye kwao kutoka shule ya bweni, pori silo lenye hatari kuliko pote. Ndani ya basi wamo abiria wengi, na wote humwona. Hatari huanza pale basi linapomshusha na kwenda zake, naye amesimama na sanduku lake gizani.

Jambo hili limekuwa kubwa zaidi miaka hii kuliko zamani, na sababu yake ni rahisi kuielewa. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalikatazwa kutembea usiku wa manane. Basi lililochelewa lililala njiani, na abiria walilala humo pamoja hadi alfajiri. Ilikuwa adha, tena baridi ya kwetu mnaijua, lakini msichana alishuka mchana. Mwaka 2023 katazo hilo liliondolewa. Tena umekuja mradi wa lami wa kutoka Kabingo, wilayani Kakonko, kupita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu mpakani, kilomita 260.6 kwa jumla. Kila mtu anaufurahia, nami naufurahia, maana vumbi la njia ile halina mfano. Lakini gari liendalo upesi, na kwa saa yoyote, laweza kukufikisha saa tisa ya usiku mahali pasipo na mtu unayemfahamu.

Kwa hiyo safari ya msichana yafaa ihesabiwe kinyumenyume. Watu wengi huuliza, "Basi linaondoka saa ngapi?" Swali la kwanza lingekuwa, "Nitakanyaga mlango wa nyumbani saa ngapi?" Tuseme binti anakaa Mabamba, naye anasoma Kasulu. Kufika Kibondo mjini si kufika kwao. Bado njia ya kwenda Mabamba. Akiondoka Kasulu mchana, jua litamchwea Kibondo, na magari ya vijijini yatakuwa yamekwisha. Hapo hubaki pikipiki tu, na bei ya usiku, na mpanda pikipiki asiyemjua. Akiondoka alfajiri, atafika Kibondo mapema, atapata gari lenye abiria wengine, na bibi yake atamwona anapanda kilima jua lingali juu. Nauli ni ile ile. Tofauti yote imo katika saa.

Barua za kufunga shule huandikwa tarehe tu. Ingefaa sana iandikwe na saa ya kutoka, na wale waendao mbali waruhusiwe kutoka kabla ya wengine. Wasichana wa Kasulu mjini wanaweza kungoja hata baada ya chakula cha mchana; hawataona vibaya, maana siku ya kufunga huwa kuna wali.

Je, kama mambo yameharibika, basi limepasuka gurudumu na umefika usiku? Usitoke kituoni. Kaa penye taa na watu, karibu na ofisi ya kukatia tiketi au kwa mama auzaye chai, mwamkie, mweleze wewe ni mwanafunzi na unangoja kupambazuke. Sijaona mama wa kwetu akimfukuza mtoto aliyesema, "Shikamoo mama, naomba nikae hapa kwako mpaka asubuhi." Kama kituo ni kitupu, mwombe kondakta mbele ya abiria wengine akufikishe polisi, au ushuke pamoja na mama mwenye watoto. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kazi yake ni shida kama hizi. Lakini usikubali kupelekwa na mwanamume usiyemjua katika nyumba ya wageni, hata akisema atalipa yeye. Hasa akisema atalipa yeye.

Sasa nije kwenye simu. Watu wa mijini hushauri kwamba msichana awe na simu iliyojaa chaji. Sisi wanafunzi wa shule za serikali haturuhusiwi simu, basi ushauri huo hautufai. Linalotufaa ni karatasi. Kabla ya kuondoka, matroni ampigie mzazi na kumtajia jina la basi, namba ya gari, kiti na saa ya kuondoka. Na mzazi naye apige simu shuleni mtoto akishafika. Msichana achukue namba za watu watatu zilizoandikwa kwa kalamu, moja ndani ya daftari na nyingine mwilini, kwani mkoba huibiwa. Tena azikariri mbili zisizolipiwa: 112 ya polisi, na 116 ya Huduma kwa Mtoto. Simu ya kuazima hupatikana kwa jirani. Namba usiyoijua haipatikani popote.

Ndani ya basi, kiti kizuri ni cha mbele, karibu na mwanamke. Usipokee kinywaji kilichofunguliwa. Mtu akikuuliza unashukia wapi na nani anakupokea, jibu ni fupi: "Baba yangu yupo kituoni." Wengine hudhani wakizungumza Kiha katika simu ya kuazima wameficha siri, nusu ya basi ni Waha! Na yule kondakta apitaye akishika mabega ya wasichana, au akisema maneno machafu, asidhaniwe kuwa ni mcheshi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imelifanya hilo kuwa kosa la jinai. Sema kwa sauti, abiria wasikie. Anayefanya hivyo hutegemea kwamba utaona haya na kunyamaza.

Juu ya pikipiki sitasema mengi, maana wapandaji wengi ni kaka zetu na ni watu wema. Bora ni yule aliyetumwa na nyumbani kwa jina. Wenzetu wa vijiji vya ziwani, ambao hushuka Kigoma kisha wakapanda mitumbwi ya injini Kibirizi, waangalie saa kama sisi, na tena waulize maboya kabla ya kuingia chomboni.

Na ikiwa msichana amefanyiwa ubaya, jambo hili lazima lielezwe wazi, ingawa si la kupendeza katika gazeti la shule. Asioge wala asifue nguo zake kwanza. Aende hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwani dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya muda huo, na mapema ni bora zaidi. Wazazi wengine hupoteza siku mbili wakifanya vikao vya ukoo. Vikao vyaweza kungoja, dawa haziwezi.

Limebaki moja, nalo ni letu sisi wa Kidato cha Nne. Safari zote nilizozieleza zina mlinzi asiyeonekana: tarehe ya kufungua shule. Mwanafunzi asiporudi, mwalimu huuliza. Mwezi wa Novemba, mtihani ukiisha, hakuna tarehe hiyo tena. Tutabeba magodoro na masanduku yetu, na hakuna daftari la mahudhurio litakalotuita. Matokeo hutoka mwaka mpya ukiisha kuanza. Katika majuma hayo ndipo huja mtu mwenye maneno mazuri, pengine ni jamaa wa mbali, akasema iko kazi ya dukani Mwanza au Dar es Salaam, nauli ameshalipa. Kumbe ni kazi za nyumbani bila mshahara, au mbaya kuliko hizo. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inamlinda msichana wa namna hiyo, na mtoto akikubali kwa kinywa chake, kukubali huko hakumwondolei mkosaji kosa. Mzazi aulizwapo ruhusa, na aombe jina la mwajiri, namba yake, na mahali nyumba ilipo, kisha azungumze na mwajiri mwenyewe mbele ya mtendaji wa kijiji. Mwenye kazi ya kweli hatakasirika kwa maswali hayo. Akikasirika, nauli yake na irudishwe siku ile ile.